Mlima Usio na Watu

Unguja, 12 Machi 1911

Mjomba wangu Stefano,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanionea. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na mama yangu, dada yako Veronika, awe amepona kile kikohozi.

Sasa sikia maajabu. Unajua Bwana Akbarali wa Morogoro alinileta kwa ndugu yake hapa Unguja ili nijue Kiingereza, nirudi nimwandikie barua za kuagiza vitambaa. Miaka mitatu nimeuza dukani na kusoma jioni. Mwaka huu nimepandishwa darasa la juu la shule ya Waingereza, na huko hatuandiki barua ya kitambaa hata moja! Tunasoma mashairi na hadithi zao. Mwalimu wetu, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, anatusomea mpaka machozi yanamlengalenga, nasi tumenyamaza kama tuko misani.

Mjomba, nimepagawa. Kuna mashairi ya mtu anayetembea milimani peke yake, anatazama mawingu, anasikiliza maji, basi moyo wake unajaa. Nikisoma nauona mlima wetu, Luhembe, kabisa. Sikujua kwamba kwetu ni pazuri mpaka niliposoma kwao.

Akbarali usimwambie habari za mashairi. Atadhani napoteza wakati.

Ni mimi mpwa wako,
Severini


Luhembe, 3 Mei 1911

Mpwa wangu Severini,

Marahaba. Magoti yangu yapo na yanalalamika, asante kwa kuyauliza. Mama yako kikohozi kimemwachia. Juzi aligombana na watu watatu kabla ya saa nne asubuhi, ndipo tukajua amepona.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka. Mtu anatembea mlimani hana jembe, hana mzigo, hatafuti mbuzi aliyepotea, anatazama mawingu tu! Huku kwetu mtu huyo tungempeleka kwa mganga. Na anakula nini? Hebu muulize mwalimu wako. Hata hivyo soma, mwanangu. Mimi mapadri walinifundisha herufi kwa fimbo, nikaishia katekisimu. Wewe umenipita, nami nafurahi.

Sasa kuna jambo. Yule Mzungu wa kahawa tunayemwita Bwana Mnyororo, kwa sababu ya mnyororo wake wa kupimia, amepita Luhembe mara mbili akipigilia vigingi. Akida Mikidadi anasema sheria ya Wadachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, ni kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na serikali humpa imtakaye. Nikamwambia Luhembe ina wenyewe. Ni ya ukoo wetu, mwenye kuishika leo ni mimi, na kesho ni mtoto wa dada yangu. Akanijibu, hayo utayasema barazani.

Kwa hiyo soma, lakini usisahau kwamba unangojwa. Watoto niliowazaa ni wa ukoo wa mama yao, hawawezi kuishika Luhembe. Ni wewe tu.

Mjomba wako,
Stefano


Unguja, 17 Septemba 1911

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama pia. Nisamehe kwa ukimya, nilikuwa kazini kweli kweli. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Insha yangu imekuwa ya kwanza! Wanafunzi thelathini na mmoja, mimi wa kwanza! Tuliambiwa tuandike kwa Kiingereza habari za kwetu, nami nikaandika habari za Luhembe. Niliisoma mbele ya wageni Waingereza, na bibi mmoja alifuta macho kwa leso. Kisha ikapigwa chapa katika gazeti la shule. Nakuletea nakala yake humu. Ukurasa wa sita, hapo juu, lile neno kubwa ni LUHEMBE, na chini mwisho ni jina langu. Hutaweza kuisoma, lakini itazame tu, mjomba. Inaisifu Luhembe mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu anasema nikiendelea hivi naweza kuwa mwalimu wa Kiingereza hapa hapa. Tutazungumza hayo siku nyingine.

Mpwa wako mwenye furaha,
Severini


Luhembe, 5 Novemba 1911

Mpwa wangu, fahari yangu,

Marahaba, marahaba mara kumi. Sisi wazima wote. Njegere zimeweka maua, viazi vimejaa, mama yako anaimba.

Lo, Severini! Karatasi ile imezunguka mlima mzima. Jumapili niliipeleka kanisani. Kila mtu aliweka kidole juu ya neno Luhembe, mpaka nikapiga kelele wanawe mikono kwanza. Mama yako aliinusa, akaikunja, akanirudishia, kisha akaenda kulia nyuma ya nyumba akidhani sijamwona.

Na imekuja wakati wake. Baraza la ardhi litakaa bomani Morogoro tarehe nne Desemba, sisi na Bwana Mnyororo. Wenzangu walikuwa na hofu kwamba hatuna maandishi na yeye ana ramani. Nikawaambia, nani hana maandishi? Tunayo yaliyopigwa chapa kwa Waingereza, yenye jina la Luhembe na jina la mrithi wake! Nitaitoa mbele ya Bwana Mkubwa wa boma. Wanasema anakijua Kiingereza.

Tuombee.

Mjomba wako,
Stefano


Unguja, 18 Novemba 1911

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nanyi naamini hamjambo.

Naandika kwa haraka niiwahi meli. Mjomba, ile karatasi usiipeleke barazani. Ni kitu cha shule tu, cha watoto, hakina heshima ya kuwekwa mbele ya serikali. Peleka wazee, waonyeshe makaburi na migomba. Karatasi iache nyumbani. Nakuomba sana.

Mpwa wako,
Severini


Luhembe, 9 Januari 1912

Severini,

Mama yako ni mzima. Mimi ni mzima. Nimekaa mwezi mzima nikitafuta namna ya kuandika, na namna nzuri sikuipata.

Barua yako ya kunikataza niliipata siku mbili kabla ya baraza. Nikawasomea wenzangu, tukacheka. Nikasema, mnamwona mtoto huyu, amesoma mpaka Kiingereza na bado hajajivuna, anakiita kitu chake cha kitoto! Basi nikaifunga karatasi katika kitambaa cheupe nikashuka nayo.

Walikaa watatu mezani. Tuliwaambia wapande Luhembe wakaone kwa macho. Wakasema mvua, njia inateleza, viatu. Bwana Mnyororo akaonyesha ramani yake, mlima wetu umepakwa rangi ya kijani tupu. Nikaambiwa niseme. Nikasema habari za ukoo, nani alifyeka kwanza, nani amezikwa wapi. Karani aliandika kidogo tu. Ndipo nikafungua kitambaa.

Bwana Mkubwa aliisoma taratibu. Nikaona uso wake unachangamka, nikamkanyaga mguu jirani yangu kwa furaha. Akamsomea Bwana Mnyororo kwa Kidachi, nao wakatazamana. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, aliyeandika haya ni nani kwako? Nikasema, ni mpwa wangu, mrithi wangu. Akauliza, ni mtu mkweli? Nikasimama, Severini. Nikasema mbele ya watu wote, mtoto huyu hajanidanganya tangu azaliwe. Wakaliandika na hilo.

Ndipo Akida Mikidadi akaambiwa atufasirie. Akafasiri hivi: Hapana jembe lililowahi kuugusa mlima huu. Hapana moshi wa nyumba, hapana sauti ya mtu, ila maji na ndege. Hauna bwana, hauna mtumwa, ni wa Mungu peke yake. Ndivyo ulivyoandika? Au Mikidadi ametuongopea? Mimi nilimwita mwongo pale pale barazani, askari wakanikalisha kwa nguvu.

Imeandikwa kwamba Luhembe haina mwenyewe, kwa ushahidi wa wenyewe. Tumepewa mpaka mavuno ya njegere.

Nijibu swali moja tu. Uliandika hivyo?

Stefano


Unguja, 2 Februari 1912

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui kama utaiitika, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mikidadi hakuongopa. Niliandika hivyo, neno kwa neno.

Leo mwaka wa masomo umekwisha, nimepewa cheti na kitabu chenye jalada jekundu. Nimekaa navyo mezani najiuliza mwaka huu nimejifunza nini. Nimejifunza kusoma vizuri, mjomba, hilo ni kweli, na yale mashairi ni mazuri, siwezi kukudanganya hata sasa. Lakini mwaka mzima sikukuta mlima wenye watu ndani yake. Milima yao mizuri ni mitupu, na mtu anayeisifu ni mpita njia. Kwao pengine wenye kulima walikwisha kuondolewa zamani, mimi sijui. Sikuuliza. Uliniambia nimuulize mwalimu yule mtu anakula nini, nami niliona haya kuuliza swali la kishamba.

Insha ya kwanza niliyoandika ilikuwa na watu wote. Mama anapalilia njegere, watoto wanafukuza nyani, wewe unakagua mifereji ya maji na kufoka. Niliandika na makaburi. Mwalimu akanirudishia, akasema imejaa mno, hii ni orodha ya shamba si sanaa, iache milima iseme yenyewe. Basi nikawafuta. Niliwafuta mmoja mmoja, kila nikifuta insha inapendeza zaidi, nami nikafurahi. Wewe nilikufuta wa mwisho.

Na ile barua ya Novemba, mjomba. Nilijua. Niliposoma kwamba unaipeleka barazani niliketi papo hapo nikuandikie. Nilikuwa na karatasi na kalamu, na meli ilikuwa inangoja. Neno moja lingetosha, kwamba humo mimi nimesema hakuna watu. Nikaona aibu. Ulikuwa umeniita fahari yako, na mama ameinusa. Nikaandika kwamba ni kitu cha watoto.

Niko tayari kuja. Nitasimama mbele ya Bwana Mkubwa niseme nilidanganya, wanifunge. Niambie tu nije.

Mpwa wako, kama bado ni mpwa wako,
Severini


Unguja, 20 Aprili 1912

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilimwandikia Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe, nikasema insha ile ni uongo wangu. Karani wake amenijibu kwa mistari miwili, kwamba shauri limekwisha, na kwamba mwandishi mwenye kukana maandishi yake haaminiki.

Mama hajambo? Niandikie neno moja tu, hata la kunilaani.

Severini


Luhembe, chini ya mlima, 11 Juni 1912

Mpwa wangu Severini,

Marahaba. Umeniamkia mara tatu bila kuitikiwa, na hayo si malezi niliyopewa.

Mama yako yuko Ngerengere, kwa Scholastika dada yako. Aling'oa viazi kabla havijakomaa, akavipanga katika kikapu akashuka. Alisema hatapanda tena. Hakukulaani. Nilimsomea barua yako ya Februari, akaniomba nirudie pale ulipoandika kwamba anapalilia njegere. Nilirudia mara tatu. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Usije kufungwa. Kufungwa kwako hakutarudisha hata tuta moja. Migomba imekatwa yote, miche ya kahawa imeshuka mpaka kwenye kijito. Makaburi hawajayagusa, lakini kupita huko ni kwa ruhusa. Wenzangu wengine wamehamia Mafiga, wengine wanasema walijua tangu utoto wako kwamba utatuuza. Nimegombana nao. Hukutuuza. Mtu anayeuza anajua ana kitu mkononi.

Nina hasira nawe, Severini, usifikiri zimekwisha. Nikiamka ninazo. Kukosea ni kwa watoto wote, na ile insha ningeimeza. Ile barua ya mistari michache ndiyo inayonikaba. Uliona ni heri nipoteze Luhembe kuliko nijue.

Sasa nimetumwa, na ujumbe lazima niufikishe. Bwana Mnyororo anatafuta karani anayejua Kiswahili, na Kiingereza kwa barua za kuuza kahawa. Amekutaja kwa jina. Amesema kijana aliyeandika karatasi ile ana akili, aje, atapewa nyumba ya bati. Wanaijenga pale pale palipokuwa pa mama yako, kwa sababu pana upepo mzuri.

Ukitaka, njoo. Sitakuzuia wala sitakuita. Mimi nimeshajiandikisha kibarua kwake, maana kwingine sikujui, na mtu wa umri wangu hajifunzi mlima mpya. Kazi ya karani si ngumu. Alfajiri tunapangwa mstari, yeye anashika daftari anasoma majina, na kila anayesikia jina lake anajibu. Langu ni la kumi na nane. Ukifika kwangu lisome kwa sauti, usione haya, nami nitajibu kama wenzangu wanavyojibu: Nipo.

Mjomba wako, maana hilo halina baraza la kuliondoa,
Stefano