Damu Niliyotoa kwa Jina Lako

Yaya wangu Mwamini, dada yangu mkubwa,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na bado nikikuta sombe changa, majani ya muhogo uliyoyapenda, shambani nakata fungu lako. Halafu nakumbuka, nampa jirani. Ungenicheka. Ulikuwa ukisema mimi husahau kila kitu isipokuwa chakula. Leo nakuandikia jambo ambalo sijalisahau hata saa moja. Naliandika wazi, na asiyejua kusoma asomewe, kwa sababu mimi na wewe tulilifanya kwa kificho.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakituchanganya kwa jinsi tulivyofanana? Tukipeleka mchele sokoni Kasongo, wanunuzi waliniita Mwamini na mimi niliitika tu, nimechoka kuwasahihisha. Nilipougua malaria tukiwa pamoja darasa la nne, mwalimu aliita jina langu ukanyoosha mkono wewe. Ukarudi nyumbani umejaa kiburi: "Zaina, leo umejibu hesabu yote vizuri!" Baba alijaribu kukasirika akashindwa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Tulizoea hivyo, wewe kuwa mimi na mimi kuwa wewe, na haikutuletea ubaya wowote.

Kisha tukapata mimba mwaka mmoja. Yangu ilitangulia yako kwa mwezi, na ulinisimanga kwamba natembea kama bata aliyeshiba. Mume wako alikuwa Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu, amekuacha kwa mama yake. Mama mkwe wako si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikutunza, alikupikia, alikukataza kubeba maji. Lakini kwao damu ya mwenye mimba haitoki nje ya uzio wa nyumba. Ulipotoka damu puani siku ile, aliifukia palepale kwa jembe, asije mtu mwenye chuki akaichota na kufunga mimba yako kwa uchawi.

Ndipo wakaja wale watu wa utafiti, na sanduku lao la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki. Walikaa siku mbili kwenye kituo cha afya. Walitueleza vizuri, sina la kuwalaumu. Walisema kondo la nyuma humwaga vitu fulani katika damu ya mama. Vitu hivyo vikipungua au kuzidi, vinaonya mapema, wiki nyingi kabla tansio, presha ya damu, haijapanda. Mama ambaye damu yake inaonya atapelekwa Kasongo kungoja uzazi karibu na hospitali. Mimi nilisikiliza mpaka mwisho. Wewe hukuwepo, ulikuwa ndani ya uzio.

Nilitoa damu siku ya kwanza, mkono wa kushoto. Jioni nikaja kwako ukiwa unachambua mchele.

"Miye siwezi," ulisema. "Mama mukwe akijua, atanirudisha kwetu. Lakini fishi yangu, ile kadi ya mimba, ikibaki tupu, siku ya kuzaa watanifokea pale maternite."

"Sasa tufanye nini?"

"Enda weye. Sisi si mama mumoja, baba mumoja? Damu yetu iko moja."

Nikasema, "Yaya, weye iko na akili mingi." Na nilimaanisha. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya kwa upendo au kwa sababu nilijiona mjanja. Nadhani ni yote mawili.

Siku ya pili nilivaa kitenge chako, nikashika fishi yako, nikatoa mkono wa kulia, usio na alama ya sindano. Mama Asha, muuguzi wetu, angenijua mara moja, lakini alikuwa chumba cha kuzalia na mwanamke mwenye uchungu. Wale wageni walituona sote sawa, wenye matumbo sote. Wakapima tansio yangu wakaiandika kuwa yako. Wakachukua damu yangu wakaandika Mwamini kwenye kichupa. Nilitoka pale natembea haraka huku nacheka peke yangu.

Karatasi ziliporudi kutoka Kasongo zilikuwa mbili zinazofanana: hakuna onyo. Zingekosaje kufanana? Wewe ulificha yako ndani ya fishi, chini ya godoro.

Ulipofika mwezi wa nane miguu yako ilivimba, kisha mikono, kisha uso. Nilikuwa nimeshazaa, mwanangu ana siku saba, nikaja kukuonyesha. Ulimbeba kidogo ukanirudishia. Ulisema kichwa kinakuuma kuanzia jana na macho yako yanaona kama nzi weusi wanapita.

Nikakuambia, "Ile karatasi inasema damu yako iko muzuri. Hii ni joto tu."

Ukanitazama. "Zaina, lakini ile damu ilikuwa yako."

Na mimi, mdomo wangu mwepesi, nikakujibu, "Si weye ulisema iko moja?" Tukacheka. Ulicheka umeshika kichwa, yaya. Laiti ningekushika mkono wakati ule tukaenda kwa Mama Asha; ni mwendo wa kumaliza kuimba wimbo mmoja wa kanisani.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, ulianguka karibu na kinu. Mwili wote ulitetemeka, povu likakutoka, ulimi ukauuma. Watu walisema mashetani. Wanaume wanne walikubeba na kitanda chako mpaka kituoni. Mama Asha alipopima tansio alipima tena, akidhani mashine imeharibika. Alikuchoma sindano, akakushika, akakuita kwa jina. Kasongo ni mbali, na huwezi kumpakia kwenye pikipiki mtu anayetetemeka vile. Mtoto alitoka akiwa hai, mdogo kama kuku wa kuchoma. Wewe hukumwona.

Mama Asha aliifungua fishi yako akaisoma mara mbili. "Hapa waliandika hakuna onyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesalitiwa. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko ninavyokaa na karatasi hii. Nilimchukua mwanao nikampa ziwa.

Basi kwenye kilio mama mkwe wako akaipata ile fishi. Akaiinua juu mbele ya wanawake wote. "Kumbe alitoa damu! Walibeba damu ya mutoto wangu, na tazama!" Habari ilikimbia kuliko pikipiki. Wale wa utafiti waliporudi, benchi lilikuwa tupu. Hata siku ya kupima mimba, wanawake walikuja wamefunika mikono, na wengine hawakuja kabisa. Nilikaa kimya mwezi wa kwanza, nikakaa kimya wa pili. Nilikuwa nanyonyesha watoto wawili na nilijua nikisema nitabaki na mmoja.

Halafu nikamwona Feza, jirani yetu, yule uliyemsuka nywele siku ya arusi yake. Ana mimba ya miezi saba. Uso wake ulikuwa umejaa kama ulivyojaa wako. Nikamwambia aende kituoni. Akarudi nyuma hatua mbili. "Sitaki kufa kama Mwamini. Damu yangu ibaki mwilini mwangu."

Siku ya kupima mimba iliyofuata nilisimama pale uani kwa kituo, mwanao mgongoni na mwanangu kifuani. Mama mkwe wako alikuwepo, amekuja kuwazuia wake wa wanawe wengine wasipimwe. Nikasema, "Yaya Mwamini hakutoa hata tone. Ile damu ilikuwa yangu. Alikufa na damu yake yote mwilini, na hakuna mutu aliyeiangalia. Miye ndiye nilidanganya." Nilisema mara mbili, ili hata waliokaa nyuma wasikie.

Feza alipimwa siku hiyohiyo. Tansio yake ilikuwa juu sana. Walimwondoa kwa pikipiki kwenda Kasongo, na juzi tumesikia bado anaishi, yeye na mimba yake. Wanawake sita walitoa mikono yao wapimwe baada yake.

Mama mkwe wako alikuja kwangu mchana wa siku ileile. Hakupiga kelele. Alimfungua mwanao mgongoni mwangu, taratibu, kama mtu anayefungua mzigo wake mwenyewe. "Mutoto wa mwanangu hatanyonya kwa mutu aliyemuzika mama yake na uongo," alisema. Mama Asha amekwenda kumsihi mara tatu. Bibi huyo anampa mtoto uji mwepesi na maziwa ya mbuzi. Kutoka hapa mpaka kwao ni nyumba tatu, na mwanao analia, na kila akilia maziwa yananitoka mpaka kitenge kinalowa.

Sikuombi unisamehe, yaya. Lala salama. Mimi kesho asubuhi nakwenda tena kusimama kwenye uzio wao, na akifungua mlango nitapiga magoti.

Mdogo wako,
Zaina