Mwajuma Amerudi Mazoezini

Jumatano

Basi leo Mwajuma amerudi kutoka kwao Kisarawe. Adhabu yake ya kutumia dawa za kuongeza nguvu imekwisha, na hapa Misugusugu watu wamebishana kutwa: wengine wanataka asamehewe, wengine asiguse tena mbio.

Jioni kocha akaniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe ndiye uliyeibiwa ushindi. Akimbie na sisi, au aondoke?"

Mwajuma akanitazama. "Sema tu, mdogo wangu. Sitakulaumu."

Nilitaka kusema aondoke. Nikasema, "Akimbie."

Sijui kwa nini.

Tukaanza kukimbia, na tulipokaribia Tumbi Mwajuma akanipita kwa urahisi. Nilifurahi kumwona akikimbia vile tena, halafu papo hapo nikajiuliza: hizi ni nguvu zake mwenyewe, au…