Mkwe Wangu Kaupoteza Mstari wa Vitufe wa Mama Nukta

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla hujaenda mbali naomba usinicheke, maana watu wawili niliojaribu kuwaeleza jambo hili wamecheka, mmoja fundi wa kompyuta na mwingine mdogo wangu wa tumbo moja, na wote wakanijibu kwamba hivyo ni vitufe tu, nami nikaondoka kwa sababu ningeendelea kusema ningetoa machozi mbele yao, na mtu wa umri wangu halii kwa ajili ya kompyuta.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi. Sikurithi wala sikupewa na mtu. Nilianza na taipureta ya kuazima kwenye kibaraza cha posta nikiwaandikia watu barua zao, na leo nina chumba chenye kompyuta mbili, printa kubwa na mashine ya kopi, na kila kilichomo najua kiliingiaje. Nishikishe bunda la karatasi lililofunguliwa, nitakwambia zimetoka ngapi bila kuhesabu. Sisemi haya kujisifu, nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo.

Mke wangu alikuwa nusu ya duka hilo, na ukinibana nitakiri alikuwa nusu kubwa. Mimi nachapa, yeye anasoma. Hakuna karatasi iliyotoka mlangoni kwetu bila kupita machoni pake, na kwa kuwa alikuwa hakosi kuikamata nukta iliyosahaulika mwisho wa sentensi, wateja wakampa jina la Mama Nukta, na likamganda hata nyumbani. Akichapa mwenyewe hagusi kipanya kabisa, mikono haiondoki kwenye kibodi, anabonyeza herufi mbili kwa pamoja na jambo limekwisha, wakati mimi bado natafuta mshale umejificha wapi kwenye kioo.

Sasa, miaka mingi iliyopita, siku mvua ilipotufungia dukani bila mteja, alikalia kiti changu akapanga ule mstari wa vitufe vidogo unaokaa juu kabisa kwenye programu ya kuchapia. Akatupa vile visivyotuhusu, akaweka vya kazi yetu kwa mpangilio wake. Kwanza cha kuhifadhi, kisha cha kubandika maneno bila kubeba fujo la kule yalikotoka, kisha pambizo za karatasi za mahakama, namba za kurasa, jedwali, kuchapisha pande mbili, halafu mwisho kabisa akaweka tena kile cha kuhifadhi. Nikamuuliza, "Mama, mbona hiki umekiweka mara mbili?" Akasema, "Ili usije kuniambia hukukiona." Alikuwa anakumbuka kazi ya mwanafunzi mmoja iliyopotea umeme ulipokatika, na sitaki kuizungumzia.

Mwaka jana presha ya macho ilimshinda. Anaona mwanga na vivuli, mtu akiingia anamjua kwa hatua zake, lakini herufi hazioni tena. Akaacha kuja dukani, akasema atakuja kufanya nini, kuwa fanicha. Nafasi yake akaishika mke wa mwanangu, maana mwanangu yuko kazini mji mwingine na huyu binti tunaishi naye. Ni mchapakazi, ana adabu, sina neno naye kwa hayo. Ila ana haraka ya vidole.

Siku moja asubuhi nafika nakuta programu si ile niliyoiacha. Kompyuta iliuliza kama ipokee toleo jipya, naye akakubali, tena kwa nia njema, anasema. Menyu zangu zenye majina, ambazo nilikuwa nazijua kama vyumba vya nyumba yangu, hazipo, badala yake kuna utepe mpana wa picha ndogondogo, ukibonyeza hapa picha zinabadilika, ukirudi pale hazipo tena, na kitu nilichokuwa nakipata kwa kubonyeza mara moja sasa ni mara nne, nimehesabu. Na ule mstari wa mke wangu umefutika wote. Nilikaa mbele ya kile kioo kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

Binti akasema, "Baba, usijali, nitakupangia mwingine." Nikamwambia huo wa kwanza haukuwa wa kupangwa na yeye. Kesho yake nikakuta ameweka kweli mstari mpya, nikaufuta. Akaweka tena, nikafuta tena. Kuna kitufe kimoja hasa amekishupalia, kina herufi na mawimbi pembeni kama redio inayotoa sauti, sijawahi kukitumia na sijui ni cha nini, yeye kila akipanga anakiweka hicho mbele ya vyote. Mara ya mwisho nilipokitoa alisogea akasema taratibu, "Baba, hicho naomba usikitoe. Hicho si chako." Si changu, mshauri. Kwenye kompyuta yangu, ndani ya duka langu. Alitaka kuendelea, nikamwambia aende akatoe kopi.

Na yapo mengine. Kuna mteja alirudisha ratiba ya sherehe ya shule aliyoikuta na makosa, jambo ambalo enzi za Mama Nukta halikutokea, na tangu siku ile huyu binti amekuwa akiwahi kurudi nyumbani, nami nikifika nawakuta yeye na mke wangu wameinamia simu yake wanacheka, nikiingia wanakatisha. Nawauliza kuna nini, mke wangu anasema, "Mambo ya wanawake, kale chakula chako."

Kinachoniumiza ni hiki. Kila jioni tukiwa tunakula mke wangu ananiuliza, "Na ule mstari wangu bado upo?" Nami namjibu, "Upo." Kwa sababu ndicho kitu chake pekee kilichobaki dukani, macho yameondoka, kiti kimeondoka, nikimwambia na mstari umeondoka nitakuwa nimemtoa mzima mzima. Lakini mimi si mzoefu wa uongo. Nimefikiria nimwondoe huyu binti dukani nimtafute mtu mwingine, na mwanangu nitamweleza, angalau nisiwe namwona kila siku mtu aliyefuta kazi ya mke wangu. Je, nimwondoe? Na mke wangu nimwambie, au niendelee hivihivi? Nishauri, maana kazi zinalala na mimi mwenyewe silali vizuri.

Ni mimi,
Mwenye duka la kuchapa

JIBU LA MSHAURI

Kaka yangu, sikukucheka. Nilicheka mahali pamoja tu, hapo kwenye kufuli, kwa sababu hapa gazetini nasi tulibadilishiwa programu hiyohiyo na mhasibu wetu akanuna wiki nzima. Kwa hiyo pole, tena pole ya dhati. Watu wanaotengeneza vitu hivi hawajui kwamba mtu wa kazi hasomi majina ya vitufe, mkono unaenda wenyewe kama unavyoenda kwenye swichi ya taa gizani. Ukihamishiwa swichi si wewe uliyezeeka.

Sasa pole imekwisha, kaa vizuri.

Unasema mstari ule ulikuwa wa mke wako. Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umeniambia mke wako hagusi kipanya. Mtu asiyegusa kipanya mstari wa vitufe anaufanyia nini? Umeniambia alikalia kiti chako, siyo chake. Umeniambia kitufe cha kuhifadhi alikiweka mwanzo na mwisho, na mwenye kusahau kuhifadhi katika ndoa hiyo tunamjua, usinifanye nimtaje. Ule mstari haukuwa wake hata siku moja. Ulikuwa wako. Alikaa siku ya mvua akawaza mkono wako unaendaje, unakosea wapi, unachoka wapi, akakupangia kila kitu pale utakapokigusa. Na huyo binti naye amekaa akafanya vilevile, zaidi ya mara moja, na kila mara wewe umefuta. Kazi ya upendo imefutwa dukani kwako, ndiyo, lakini aliyekuwa akiifuta nimemwona, naye ana bunda la karatasi mkononi.

Usikasirike, bado sijamaliza.

Kile kitufe chenye mawimbi. Nilikwenda kwa mchapaji wetu nikamwonyesha aya yako, akatabasamu akanifungulia ukurasa, akakibonyeza, na kompyuta ikaanza kuusoma kwa sauti. Inasoma kama mgeni aliyejifunza lugha yetu juzi, lakini inasoma neno kwa neno, haibabaishi. Kaka, katika nyumba yako ni nani aliyekuwa anasoma kila karatasi, na sasa hawezi kuziona? Binti alikwambia kwa adabu zote kwamba kitufe hicho si chako. Alikuwa anakwambia kweli tupu, ukamtuma akatoe kopi.

Na vile vicheko kwenye simu, siwezi kuapa, lakini naweka kalamu yangu rehani kwamba walikuwa wanajaribu sauti. Mteja alirudisha kazi yenye makosa, binti akaona duka halina tena mtu wa kusoma, akaenda moja kwa moja kwa mwenye kazi hiyo. Hakutafuta msomaji mwingine. Alitafuta njia ya kumrudisha yuleyule. Na wewe unataka kumwondoa.

Basi na hili lijue pia, mke wako ana habari tangu siku ya kwanza. Mtu anayemjua mgeni kwa hatua zake atashindwa kuijua sauti ya mume wake inapodanganya? Hakuulizi jioni ili aambiwe upo. Anakuuliza ili upate pa kuanzia kusema. Amekufungulia mlango kila siku, wewe unaurudishia.

Utafanya hivi. Leo jioni akikuuliza, sema haupo. Sema na ulivyokaa ukiuona haupo, sema na habari ya kufuli, hayo machozi unayoyaficha kwa fundi wa kompyuta hapo ndipo mahali pake. Yeye hatayaona, kama ndicho unachoogopa, lakini atayasikia.

Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mwombe radhi mkwe wako, na kwa maneno, siyo kwa kumnunulia soda. Halafu mchukue mke wako umlete dukani. Kiti chake kiweke katikati, binti akae mbele ya kompyuta, wewe simama nyuma ufunge mdomo. Mke wako ataje mpangilio wake, kitufe kwa kitufe, maana aliyeupanga hausahau, na binti aweke. Toleo jipya linaruhusu, mchapaji wetu kanionyesha, unabonyeza juu ya kitufe chochote kwa upande wa kulia wa kipanya, unachagua kukiongeza kwenye mstari wa juu, kinapanda. Vikishakaa vyote, mwambie binti ahifadhi mpangilio mzima kama faili kwenye flashi, ili siku wakibadilisha tena mnaurudisha kabla chai haijapoa. Na kila mtu awe na jina lake la kuingilia kwenye kompyuta, mstari wako uwe wako na wa binti uwe wake, hivyo vita vya kupanga na kufuta viishe. Cha kuhifadhi kiwe mara mbili, tafadhali, mimi mwenyewe nakuombea.

Kitufe chenye mawimbi kianze mbele ya vyote kwenye ile kompyuta ya pili, na mbele yake kiwe kiti cha mke wako cha kila siku. Asiambiwe amekuja kupumzika au kuwapa kampani. Mpe kazi, tena ya leo, yenye mteja anayeingoja.

Nami nikuachie jambo dogo nililolisikia pale kwa mchapaji wetu. Sauti ile ina kasoro moja. Ikifika mwisho wa sentensi inapumua, lakini mahali ambapo nukta imesahaulika haipumui, inaunganisha moja kwa moja kama mtu anayekimbia. Mimi sikuwa nimegundua kwenye ukurasa ule kwamba nukta imesahaulika, na macho yangu ni mazima. Niliijua kwa kuisikia haipo. Mke wako ataisikia kabla yangu.