Ubao Uliozeeka Juu ya Kibanda

Baba,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Tangu ulipotutoka, nikitoka shule sipandi basi. Natembea hadi ile nyumba ya pembeni karibu na stesheni, ile uliyoivisha mbao za plastiki kiangazi kilichopita. Nasimama kando ya ukuta wake kama mtu anayetafuta kitu mkobani, kisha nauwekea mkono ubao mmoja na kuusukuma kidogo kwa upande. Unateleza, unarudi. Ndipo naondoka. Mwenye nyumba akinikuta, sijui nitamwambia nini.

Habari za kwetu ni hizi. Mama amerudi kazini kuhudumia wazee, zamu za asubuhi. Viatu vyako bado viko mlangoni. Ami Hamadi huja kila Ijumaa, hukaa mahali pako, halafu hukumbuka ndugu yake na kuhama.

Na ukuta wetu ulivunjika. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira, ukapiga ubao chini ya dirisha la sebule, na kwa baridi ile plastiki ikapasuka kama biskuti. Mvua ikawa inaingia. Mama hakuwagombeza. Ila arobaini yako ilikuwa inakaribia, na nilimsikia akimwambia Ami, "Sitaki watu waje kumsomea khitma wakute ukuta wake una tundu, waseme nyumba imekosa mwenyewe."

Ami akasema atabandua ukuta wote aweke mbao mpya, maana ubao mmoja mweupe kati ya zile zilizofifia utaonekana kama kiraka. Ule ukuta uliuweka wewe, kwa mikono yako. Ukibanduliwa, haurudi.

Nikasema nitautengeneza mimi. Ami akacheka, si kwa ubaya. "Wewe, Zuhura? Labda uusomee kitabu."

Lakini nilikuwa nimeukumbuka ubao ule juu ya paa la kibanda cha nyuma. Miaka yote Mama alikwambia uushushe, unaharibu sura ya bustani, nawe ukimjibu, "Uache uzeeke na wenzake." Nilidhani ni mzaha wako tu. Nilipoushusha na kuupangusa, ulikuwa na rangi ile ile ya ukuta wetu, rangi ya maziwa yaliyokaa. Uliuacha juani na mvuani ili siku ukihitajika usionekane mgeni. Baba... nilikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, nikalia kidogo. Sikukawia, Mama angeniona dirishani.

Nilisubiri siku yenye jua, nikachukua Kidole, kile chuma chako bapa chenye ncha iliyopinda. Niliingiza ncha chini ya ukingo wa ubao uliokuwa juu ya ule uliovunjika, nikavuta chini, nikakiburuta polepole kwa upande. Ukaachia kwa sauti ile ya zipu, sauti niliyoizoea Jumamosi ulizonichukua kazini, mimi nikisoma kwenye gari na wewe ukiimba vibaya. Nikang'oa misumari, nikautoa uliovunjika, nikaukata wa kibandani kwa kipimo chake, nikauweka, nikaupigilia. Niliupigilia kwa nguvu zangu zote. Nilitaka usitoke tena maishani.

Nikausukuma. Haukusogea.

Hapo nikakukumbuka. "Usiubane, mama. Joto likija plastiki inatanuka. Ukiibana itajikunja." Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na sasa hakuna mwingine anayeniita hivyo. Ami akasema, "Mbona umekaa vizuri? Uache." Nikatikisa kichwa. Niling'oa kila msumari, nikaanza upya, safari hii kila mmoja katikati ya kitundu chake kirefu kwenye ukingo wa ubao, nikiacha upenyo mwembamba chini ya kichwa cha msumari. Kisha nikaufunga ubao wa juu kwa Kidole. Nikasukuma tena. Ukateleza, ukarudi.

Watu walikuja, wakasoma, wakala. Hakuna hata mmoja aliyeutazama ukuta. Mama aliona kwamba hawautazami, na akanishika bega alipopita na sinia. Ami alitoka nje peke yake, akakaa huko kitambo, akarudi kuniuliza ubao niliouweka ni upi. Sikumwambia.

Nakuaga hapa, Baba. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi ukuta huu hautabanduliwa nikiwa naishi humu, na Kidole hakitashika kutu.

Leo asubuhi nimekirudisha juu ya kibanda kile kipande kilichobaki, nikakiwekea tofali upepo usikichukue. Nikanawa mikono. Nikaenda shule, na jioni nimerudi kwa basi.

Mwanao,
Zuhura