Namba Uliyoiita Tasa

Mwalimu,

Eda yangu iliisha jana. Wifi Somoe alinipeleka mtoni kuoga, akanivisha kanga mpya. Kesho kutwa mwalimu mgeni anaingia nyumba hii ya shule, nami narudi Marambo kwa kaka yangu. Sina mtoto wa kunifanya nibaki Likunja. Wifi amelisema hilo bila kupepesa macho.

Nakuandikia kwa sababu nimeona kosa lako, na zaidi yako, mume wangu, sina mwingine wa kumweleza ulikosea nini.

Unaikumbuka ile namba, 1022117. Uliiona kwenye kibati cha trekta bovu, siku tuliyokwenda Nachingwea kutazama mashamba ya karanga waliyoyaacha Wazungu. Wenzako walikuwa wanaokota misumari na minyororo, wewe unanakili namba. Nilikucheka njia nzima.

Kabla ya hapo uliwaambia watoto darasani kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ni namba tasa. Hukuwa na neno jingine. Watoto wakatazama dirishani wakacheka, maana mimi nilikuwa napita na ndoo. Siku tatu sikukusemesha. Basi tulipotoka Nachingwea ukanikalisha, ukanifundisha kugawanya, ukasema: "Hii nadhani ni tasa. Nikihakikisha, utaona kwamba tasa ni ile ambayo hakuna awezaye kuivunja."

Masika yote ukaigawanya. Kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kila moja na baki yake. Ulipofika 997, baki 192, homa ilikuwa imeshakushika. Ukaandika TASA kwa herufi kubwa, ukanishika mkono, ukacheka. Siku ya tatu tukakuzika.

Eda ni ndefu, Mwalimu. Nilikaa ndani na daftari lako. Ulinifundisha nisiache kugawanya mpaka kigawanyo, kikizidishwa kwa chenyewe, kiipite namba. Elfu mara elfu haiipiti hii. Uliishia mapema. Nikaendelea, 999, 1001, mpaka 1009. Baki sifuri. Nimerudia mara nne, nalia, naomba niwe nimekosea mimi.

Imevunjika. Hata hicho kimoja ulichonipa kimeondoka, na wewe hupo nibishane nawe. Sijui nitaamkaje huko Marambo. Sitaki kuamka.

Ni 1009 mara 1013. Nimezijaribu nazo. Kila moja ni tasa, na katikati yao hakuna tasa nyingine. Kumbe zilikuwa mbili, zimekaa jirani, sisi tukaona moja. Sasa mwenzangu umeondoka, na mimi peke yangu sifiki popote.

Neno lako sitalifuta. Nimeandika hizo mbili chini yake kwa mkono wangu, na daftari naondoka nalo. Pumzika, Mwalimu. Wifi akiniita kwa jina lile la tasa, nitaitika.

Mkeo