Siku ya Mikono ya Darasa la Sita

Newala,
Jumapili, 16 Februari.

Dada yangu mpenzi Sikuzani,

Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukipanda kile kilima cha shuleni kwenu, nami nikakwambia ulikande kwa maji ya moto, sijui kama ulinisikia. Shemeji Safari hajambo? Na Uwesu ameshazoea bweni, au bado anaandika barua za kulia? Mimi huku mwili mzima. Mvua inanyesha karibu kila siku na ukungu hautoki uwanjani mpaka saa tatu, lakini sina homa wala kikohozi. Kwa upande wa mwili namshukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeupata, na ule wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Usidhani nimenyamaza kwa dharau. Unasema mwalimu wenu mkuu amekubali shule yenu ifanye siku kama ile ya kwetu, na kwamba umeshamwahidi kuwa mdogo wako atashuka Masasi kuwaonyesha namna ya kuipanga. Nimechukua kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na kuanza kunitetea kabla sijamaliza, nami ningekuacha unitetee. Karatasi haina huruma hiyo.

Habari yenyewe uliisikia nusunusu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Mwalimu Nikolao alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka jana, akapewa sayansi. Ni mtu wa Chiungutwa, mrefu, mkimya. Darasa la sita lilikuwa na watoto themanini na mmoja na vitabu kumi na vinne, na sisi wengine tulikuwa tumeshazoea kuandika ubaoni mpaka chaki iishe, watoto wananakili, kengele inagonga. Yeye alikuja na mfuko wa mkeka wenye makopo, misumari, nyaya na vipande vya bomba. Wiki ya kwanza akawatoa nje wote wakapime kivuli cha mlingoti wa bendera kila saa. Nilimcheka, dada. Nilisema ofisini kwamba mtu huyu anafundisha watoto kucheza. Halafu siku moja nikawakuta watoto wa darasa langu la Kiswahili wakibishana wakati wa mapumziko kwa nini kivuli cha saa sita ni kifupi. Hakuna aliyekuwa amewatuma, na mimi katika miaka tisa ya kufundisha sikuwahi kuona watoto wakibishana juu ya somo langu.

Kulikuwa na binti mmoja anaitwa Fatu, anakaa benchi la mwisho. Nyumbani kwao ni Chimakonde tupu, na Kiswahili cha kitabuni kilikuwa kinamfunga mdomo. Miaka miwili nilimfundisha bila kuijua sauti yake. Nikolao akawapa kazi ya kutengeneza mizani kwa fimbo, kamba na vifuniko viwili, na mizani iliyosimama sawa ilikuwa ya Fatu peke yake. Akamwambia awaeleze wenzake alivyofanya. Akaeleza kwa Chimakonde, akachanganya na Kiswahili, akakosea, akaendelea. Tangu siku hiyo ukipita dirishani unasikia sauti yake kuliko ya mtu yeyote. Mama yake alinisimamisha bombani akaniuliza tumempa nini mwanawe, maana sasa nyumbani anamuuliza kwa nini majivu yanaondoa masizi ya sufuria.

Wazo la kuwaita wazazi lilikuwa langu. Nilitaka waone. Watoto wenyewe ndio walioipa jina, wakaiita Siku ya Mikono. Mwezi mzima shule ilikuwa kama karakana. Kundi moja lilichuja maji machafu kwa mchanga na mkaa. Kundi jingine lilifinyanga ramani ya udongo ya uwanda wetu, kuanzia ukingo wa bonde la Shimo la Mungu mpaka chini mto Ruvuma, ukimwaga maji juu yanateremka yenyewe, na hapo mtoto anakuonyesha kwa nini sisi tunaokaa juu ndio wenye shida ya maji. Kundi la Fatu lilichukua korosho. Unajua jinsi ganda la korosho linavyobabua mikono ya wabanguaji. Wao walitaka kuwaonyesha wazazi mafuta yanayobabua, wayatoe kwenye maganda mbele ya macho yao.

Nikolao akawatengenezea kifaa. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, maganda ndani, moto chini, na pembeni kibomba chembamba cha kutolea mafuta kwenye bakuli. Mfuniko uliwekwa juu tu bila kubanwa, ili moshi na mvuke vipate pa kutokea. Walifanya majaribio mara tano, nami nilikuwepo mara mbili. Kila mara alirudia maneno yaleyale: mfuniko usibanwe, na moto usiwashwe kama yeye hayupo. Aliwaambia watoto wayaseme kwa pamoja, nao wakayasema kama wimbo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba. Ulikuwa msimu, watu wana korosho zao za kuokota, lakini walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, hata wazee wasiowahi kukanyaga shule. Madawati hayakutosha, Nikolao akaenda na vijana kuazima mabenchi kanisani. Mgeni wetu rasmi alikuwa afisa aliyetoka mjini, na alifika na haraka zake, akasema ana kikao saa tano, tumwonyeshe kinachoonyesheka. Akaona maji yaliyochujwa, akaona ramani, akapiga picha. Kisha akafika kwenye meza ya korosho.

Moto ukawashwa kabla Nikolao hajarudi. Maganda yakaanza kutoa moshi mzito, upepo ukaupeleka moja kwa moja kwa wageni. Mgeni akakohoa, akafunika pua kwa leso. Jiwe likawekwa juu ya mfuniko. Fatu akaendelea kueleza, kwa Kiswahili kizuri kabisa, dada, bila kukwama, na mama yake amekaa mstari wa mbele na khanga mpya. Kibomba kilikuwa kimeziba, wala hakuna aliyejua. Kopo likapasuka.

Sitakuandikia niliyoyaona. Mafuta yalimpata Fatu usoni. Alipelekwa hospitali kwa gari la mgeni yuleyule, halafu akahamishiwa hospitali kubwa, akakaa huko wiki saba. Jicho la kulia lilitolewa. La kushoto linatambua mwanga wa mlangoni tu, na daktari alimwambia mama yake wasitegemee zaidi ya hapo.

Kikao cha uchunguzi kilikaa siku tatu. Nikolao aliulizwa kifaa ni cha nani, akasema ni chake. Akaulizwa kama alikuwepo, akasema hakuwepo. Akaulizwa alimwachia nani usimamizi, akanyamaza. Wakaenda hospitali kumuuliza Fatu kwa nini aliweka jiwe. Akajibu, "Mwalimu ndiye aliyesema." Hilo likatosha. Nikolao alisimamishwa kazi, na mwezi Desemba ikaja barua ya kumfukuza. Ikaja na nyingine, hiyo kwa shule: hakuna tena maonyesho, hakuna majaribio, hakuna kuwatoa watoto darasani bila kibali cha maandishi. Mizani ilichomwa pamoja na takataka. Ramani ya udongo iliachwa nje, mvua za Desemba zikaila.

Mwaka huu nimepewa mimi sayansi ya darasa la sita. Naandika ubaoni, wananakili. Wiki iliyopita somo lilikuwa joto na kutanuka kwa vitu. Nilipouliza kama kuna mwenye swali, wote waliinamia madaftari. Wale wa mwaka jana, ambao sasa wako la saba, hawataki hata kunipokea mzigo. Wananisalimu shikamoo mwalimu, wanapita.

Fatu yuko nyumbani. Niliwaeleza habari za shule ya wasioona, mama yake akasema mtoto aliyempeleka shuleni akiwa anaona amerudishiwa haoni, hampeleki tena popote. Nimeshafika kwao mara nne. Mara ya kwanza alinijua kwa hatua kabla sijabisha hodi. Tukakaa barazani. Alikuwa kimya kama zamani zile za benchi la mwisho, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wale wageni, moshi uliwaumiza?" Nikamwambia haukuwaumiza. Akasema, "Afadhali."

Dada, katika ujumbe wako ulisema kwenu mambo yatakwenda vizuri kwa sababu hamtakuwa na mwalimu mzembe kama yule. Wakati wa Krismasi ulisema kwa simu kwamba Mungu atamlipa. Nilikusikia na sikusema kitu. Sasa nasema.

Mwalimu ambaye Fatu alimtaja ni mimi. Mimi ndiye niliyewaambia wawashe moto. Fatu alinikumbusha kwamba Mwalimu Nikolao hajarudi, nikamwambia mgeni hawezi kumsubiri Nikolao. Moshi ulipomfikia mgeni niliona aibu, nikainama sikioni mwa Fatu nikamwambia, "Weka jiwe hapo juu, wapunguzie watu moshi." Akanitazama. Alikuwa anajua kwamba haifai, dada, alijua kuliko mimi. Lakini mimi ni mwalimu, akaliweka.

Na si hilo tu. Kwenye kikao mwandishi alikuwa mimi. Mwalimu mkuu alinipa kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu. Fatu aliposema "mwalimu", nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda chake, ana bandeji usoni, hajui kama nipo. Hakuna aliyemuuliza mwalimu yupi. Nikaandika neno hilo moja kama alivyolisema, nikaweka nukta, nikafungua ukurasa mwingine.

Mwezi uliopita nilikwenda Chiungutwa. Nilimkuta Nikolao shambani anapalilia mahindi. Nilimweleza yote nimesimama kwenye tope, naye hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Watoto waliniambia siku ileile." Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema angenitaja, watoto wangeitwa mmoja mmoja kutoa ushahidi dhidi ya mwalimu wao, na wana miaka kumi na miwili. Halafu akasema, "Nilikuwa nakusubiri wewe. Siku zote tatu nilikuwa nakutazama wewe, si wao." Aliniuliza hali ya Fatu, nikamwambia. Akakaa kwenye tuta. Hakunifukuza, ila aliniambia gari la mwisho la kwenda Masasi linapita saa tisa, akachukua jembe lake. Siku hiyo nilikaa stendi ya Masasi saa nzima, dada, kwako ni mwendo wa dakika kumi, na sikufika.

Niliporudi niliandika maelezo yangu nikampelekea mwalimu mkuu. Aliyasoma amesimama, akayakunja, akanirudishia mkononi. Akasema karatasi hiyo haitampa mtoto macho wala haitamrudisha Nikolao, huko juu jambo limeshafungwa, na shule yenye walimu saba kwa watoto mia sita itabaki na sita. Akaniambia kengele imegonga, nikafundishe. Ningeweza kuyapeleka mbele zaidi mwenyewe. Sijayapeleka. Yako kwenye sanduku chini ya nguo, na kila asubuhi nasema leo, ikifika jioni nina nafuu kwamba siku imeisha. Sikuandikii ili unitie moyo. Nimejichunguza, na naona nitaendelea hivihivi.

Kwa hiyo siji Masasi. Mwambie mwalimu wenu mkuu naumwa, au mwambie ukweli, sitakulaumu kwa lolote. Mkiifanya siku yenu, ifanyeni, watoto wanastahili. Lakini apangaye awe mtu anayeweza kumwacha mgeni akohoe. Na tafadhali, ile dua uliyomwombea Nikolao, sasa unajua jina la kuweka.

Nisalimie shemeji Safari, ila barua hii usimsomee. Uwesu mwambie mama mdogo anamkumbuka, asome kwa bidii. Majirani zako wote wasalimie. Huku walimu wenzangu hawajambo. Mama yake Fatu naye anakusalimu sana. Jana nilipokwenda alinifungia muhogo mkavu, akaniuliza Jumapili nitafanya nini, nikamwambia nitamwandikia dada yangu aliyenilea. Akasema nisiache kukufikishia shukrani zake, kwamba walimu wote wamemkimbia mwanawe, na mimi peke yangu ndiye ninayekuja, na hilo linaonyesha nimelelewa na mtu mwenye utu.

Ni mimi mdogo wako,
Zabibu.