Baba Mashavu, Koki Zako Zimeguswa

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu uliponyanyuka kwenye meza yako ya kazi na usirudi tena. Tunakuandikia tukiwa tumechoka. Hatuna maneno ya kupamba, na wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kupambwa.

Wengi wanaosoma hapa wanakujua kwa jina la Mashavu. Jina hilo alikupa fundi cherehani wa mlango wa pili, siku ya kwanza alipokuona ukipuliza chupa akadhani umevimba meno pande zote mbili. Alikuja na pole. Ulicheka mpaka chupa ikaharibika, na tangu hapo hata sisi nyumbani tukakuita Baba Mashavu. Mama peke yake alikataa, akisema yeye hakuolewa na mashavu.

Ulitengeneza vyombo vya kioo vya maabara. Wanafunzi wa chuo waliovunja chupa na mirija walikujia kwa mlango wa nyuma, roho mkononi, kabla mkuu wao hajajua. Uliwaunganishia palepale, kisha ukawafukuza kwa maneno makali yasiyomtisha mtu: "Toka hapa! Na ukijikwaa tena, uanguke wewe, chombo kibaki!" Chai yako ilipoa kila asubuhi, na kila asubuhi uliuliza nani kaiacha ipoe.

Na kulikuwa na kichomeo chako. Majirani walikijua kwa mlio tu, ule mvumo wa gesi uliopita ukutani tangu asubuhi. Kina koki mbili zenye vishikio virefu, moja ya gesi na moja ya oksijeni, na mikono yako ilipokuwa yote miwili imeshika kioo kinachozunguka, ulichomoa kidole cha mwisho ukaisukuma koki bila hata kuiangalia. Oksijeni ikiongezeka, moto ulikuwa wa bluu, mkali, wa kuyeyushia. Ikipungua, moto ulilainika, ukawa wa njano wenye moshi. Kila kazi uliimaliza katika moto huo wa njano, ukiizungusha mpaka ivae masizi meusi, ili ipoe taratibu isipasuke.

Siku ile ulikuwa kati ya moto wa bluu na wa njano, koki zimefika nusu njia. Uliweka kazi chini, ukasema unakwenda kukaa kidogo. Mdogo wako, mpaka rangi, alikuwa amekuja kukusalimia; alipoona ulivyokaa, alikimbia nje nyuma ya ukuta, akafunga mitungi yote miwili, wa gesi na wa oksijeni, akaja kukubeba. Koki za mezani hakuna aliyezikumbuka.

Baada ya mazishi Mama aliingia karakana na kitambaa cha vumbi. Akafuta meza, akafuta kiti. Alipofika kwenye zile koki akasimama.

"Alivyoziacha, ziachwe hivyo hivyo," alisema.

Nani angembishia, Baba? Macho yake tuliyaona.

Basi kitinda mimba wako, uliyemfundisha kazi tangu alipokuwa hafiki mezani, akavaa miwani yako ya moto na kukaa kwenye kiti chako. Alikubaliana na Mama kwa moyo mweupe. Na yeye alitaka kuona pale vidole vyako vilipoishia, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akawa anawasha na kuzima kwa kufungua na kufunga mitungi ya nje, koki hazigusi. Wewe ulimfundisha gesi kwanza, kidogo, kisha oksijeni polepole. Sasa gesi ilitoka kama ilivyotaka yenyewe, na oksijeni ilipofunguliwa huko nje ilikuja kwa mkupuo, moto ukalipuka! Akawa anauwasha kwa kijiti kirefu, uso ameugeuzia ukutani. Fundi cherehani alikuja kuuliza kama tumeanza kufundisha jeshi.

Huo moto wenyewe haukuwa wa bluu wala wa njano. Kioo kiliyeyuka kwa kusitasita, na kumalizia kukawa ndiyo shughuli. Mitungi iko nje, na kazi iliyo motoni haiwezi kuachwa. Tukaamua mdogo wako asimame nyuma ya ukuta, aitwe ikifika wakati wa kufunga oksijeni.

"Funga!" kitinda mimba alipiga kelele siku ya kwanza.

"Nifunge upi?"

"Mweusi!"

"Yote nimeipaka rangi juzi!"

Akafunga wa gesi. Moto ukazimika kwa kishindo na chombo kikapasuka. Tulicheka, Baba, tukacheka mpaka tukaanza kulia. Baadaye hatukucheka tena. Vyombo vilipasuka mezani, vingine vilipasuka vikiwa kabatini vimeshafutwa, na vingine vilifika chuoni ndipo vikapasuka mbele ya wanafunzi. Wateja wakawa wanatusalimia kwa upole na kupeleka kazi kwingine. Kifungua mimba wako akaanza kusema tuuze kichomeo na kufunga mlango. Hakusema kwa ubaya. Naye amechoka.

Wiki iliyopita mkuu wa maabara ya chuo, mteja wa mwisho tuliyebaki naye, alirudisha sanduku zima la vipande. Alilishusha taratibu.

"Binti, baba yako nilimpenda," alisema. "Lakini wanafunzi wangu hawawezi kufanyia kazi mapenzi yangu. Nitengenezee mirija ya kupozea mvuke. Ikipasuka na hii, nitatafuta pengine, na itaniuma."

Alipoondoka, kitinda mimba aliweka kidole cha mwisho juu ya koki ya oksijeni. Hapakuwa na mtu. Angeisukuma, nani angejua? Akakiondoa kidole, akaenda nyumbani, akamkuta Mama anakunja nguo.

"Mama, naomba nizizungushe."

Mama hakuuliza nini. Aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja upya. Lilikuwa lako.

"Nguo nimegawa," alisema. "Viatu kachukua baba yako mdogo, na vinambana. Sauti yake nikiitafuta siipati vizuri. Ukizizungusha hizo, mimi nitabaki na nini cha mkono wake?"

Kitinda mimba alikaa chini akasaidia kukunja. Moyoni alishaanza kuiaga karakana, na hatuoni aibu kukuambia kwamba alikukasirikia kwa kufa katikati ya kazi.

Asubuhi yake akaanza hiyo kazi ya chuo kama ilivyowezekana. Alikuwa ameshachukua kile kijiti kirefu Mama alipoingia, akavuta kigoda akaketi karibu na mlango. Tangu ile siku ya kufuta vumbi alikuwa hajaingia humo. Moto ulipolipuka, alishika kifua.

"Ndivyo unavyowasha kila siku?"

"Nimeshazoea, Mama."

Mama akatazama. Baba, ungemwona mwanao! Ule moto wa kubembeleza aliubembeleza kweli. Mrija ulijizungusha ndani ya mrija, msokoto juu ya msokoto, jasho linamtiririka asipate mkono wa kulifuta. Ulikuwa mrija mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Kisha akaita, "Baba Mdogo! Funga!" Kimya. Mdogo wako alikuwa kwa fundi cherehani, ameshikwa na maongezi. Akaita tena. Ndipo tukasikia kioo kikisema tik, sauti ndogo tu, na ufa ukapanda msokoto mmoja baada ya mwingine mpaka juu.

Hakulia. Aliuweka chini mrija na kuutazama, moto ukiendelea kuvuma mbele yake.

"Baba yako alikuwa anafanyaje hapa?" Mama aliuliza.

"Alikuwa anapunguza oksijeni. Moto unakuwa wa njano, anaizungusha kazi humo mpaka iwe nyeusi."

"Kila mara?"

"Kila mara, Mama. Kutwa nzima alikuwa anazigeuza. Hakuwahi kuziacha mahali pamoja." Alivua miwani, macho mekundu. "Hapo zilipo hakupachagua. Ni pale alipochoka tu."

Mama alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini. Alipochoka. Akanyanyuka, akaja mpaka mezani, na yeye mwenyewe akaweka mkono kwenye koki.

"Nianze na ipi?"

"Ya oksijeni. Polepole."

Akaigeuza polepole. Mvumo ukashuka, moto ukarefuka, ukalainika, ukawa wa njano, na moshi mwembamba ukapanda mpaka darini.

"Ndio huu?"

"Ndio huo."

Mama aliutazama kwa muda mrefu. Tulidhani amebadili mawazo. Kisha akashika koki ya pili, ya gesi, akaigeuza mpaka mwisho, na moto ukazimika bila kelele. Mkono aliuacha palepale.

"Haya, mume wangu," alisema. "Mwaka mzima tumekusimamisha hapa. Pumzika basi."

Ndipo alipolia, Baba, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Mdogo wako alifika mbio na viatu vyako miguuni, akakuta wote wawili wamekumbatiana na mitungi bado iko wazi, akaenda kuifunga bila kuambiwa. Mara hii alifunga yote.

Mchana kitinda mimba aliwasha moto kuanzia sifuri. Gesi kwanza, kidogo. Oksijeni polepole. Fundi cherehani akatoa kichwa mlangoni kuuliza mbona leo kimya. Mrija wa pili uliingia kwenye moto wa njano, ukatoka mweusi tii, na siku iliyofuata Mama aliuosha masizi kwa mkono wake mwenyewe, akaushika mbele ya dirisha, akatafuta ufa na asiuone. Uko chuoni sasa. Mkuu wa maabara ameomba mingine.

Zile koki hatujui tena ulikuwa umeziacha wapi. Tumejaribu kukumbuka, hatukumbuki. Inatuuma, na tutaendelea kuchoka kwa muda. Lakini mlango uko wazi.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekupenda mashavu na vyote. Kifungua mimba wako, ambaye hasemi tena habari za kuuza. Kitinda mimba wako, fundi wa karakana yako. Mdogo wako mpaka rangi. Wakwe, wajukuu, fundi cherehani wa mlango wa pili, na wanafunzi wote wa mlango wa nyuma.

Hutatutoka mioyoni siku zote tutakazoishi. Wewe lala, Baba. Moto tunao sisi.